Wenye baiskeli njooni: pampu ya kubeba yenye geji, ipi haidanganyi?

#1 Pedeli_za_Dom

Wakuu habari za usiku, poleni na majukumu. Mods naomba huu uzi msiuhamishie jukwaa la magari, ni wa baiskeli kabisa.

Nipo Dodoma, naendesha Phoenix nyeusi, ile ile ya kichina mnayoijua, kazini na kurudi kila siku halafu jumamosi natoka na washkaji wawili tunashika barabara ya Morogoro mpaka miguu ikatae. Kuna siku tulifika Kibaigwa, karibu km 90, nikarudi kwa fuso baiskeli ikiwa juu ya magunia ya mahindi. Sasa wanaoijua Dodoma wanaijua mbigili. Kile kimwiba kidogo chenye pembe, ukitupe vyovyote lazima kitue ncha moja ikiangalia juu. Jumamosi iliyopita nimekula pancha mbili siku moja. Kuziba naweza, viraka na sulushen natembea navyo, shida ni upepo. Huku njiani fundi mwenye pampu humkuti mpaka ufike kijiji kinachofuata na kijiji kinachofuata ni kesho.

Nikasema liwalo na liwe, nikaingia dukani nikachukua pampu fupi ya kubeba, ina mpira, ina kikanyagio kidogo cha mguu na ina kageji pale kwenye mpira. Elfu 45. Muuzaji akanipamba, bosi na hii unaachana na mambo ya kubinya tairi kwa dole gumba. Nafika home, nachomeka, nasukuma, mshale unapanda mpaka 60 na unabaki palepale, roho yangu kwatu. Nabinya tairi hivi, limelegea kama embe la kuiva! Kesho yake asubuhi nachomeka nipime tu, inasoma sifuri. Tairi lina upepo, nimetoka kulipanda, geji inasema sifuri.

Nikairudisha. Tukabishana pale dukani, jamaa akatoka nje akaichomeka kwenye pikipiki yake, ikasoma vizuri bila chenga, mimi ndo nikaonekana mwongo mbele ya wateja. Nimerudi nayo nyumbani.

Naombeni msaada, ipi ni pampu ya kweli ya kubeba yenye geji ya kweli? Bajeti naweza kufika hata laki ila isiwe ya kuniibia.

#2 Kijiwe_Namba_9

Naweka kigoda hapa. Nami nataka kujua.

#3 DoleGumba_Original

Mkuu unahangaika na geji za nini wakati Mungu kakupa dole gumba bure? Babu yangu kaendesha baiskeli ya Swala miaka arobaini kutoka Tabora hajawahi kujua hicho kipimo chenu cha upepo, psi, ni mnyama gani.

#4 Fundi_Mstaafu

Kijana, pampu yako nzima. Muuzaji naye hakukuibia, hajui tu anachouza, na wako wengi.

Kachuchumae pembeni ya baiskeli yako uangalie valvu. Phoenix, Swala, Avon, Hero, hizi nyeusi zote zinakuja na valvu ya kiraba, kitaalamu wanaiita Woods, wengine Dunlop. Fungua ile nati ya juu, kitatoka kijiti kimevalishwa kiraba kama mrija. Upepo unaingia ndani ya kijiti, unakuta katundu ubavuni, unasukuma kiraba kifutuke ndo upite kwenda kwenye tyubu. Ukiacha kusukuma kiraba kinajibana, upepo wa ndani hautoki. Sasa geji yako iko wapi? Iko kwenye pampu, nje ya kiraba. Haijawahi kuliona tairi hata siku moja. Inachopima ni upepo uliobaki kwenye mpira wa pampu, basi.

Ndo maana ukichomeka bila kusukuma inasoma sifuri, mlango umefungwa. Na ukisukuma inakusomea upepo wa tairi ukijumlisha na nguvu ya kukifutua kiraba. Kiraba kipya kigumu kinaongeza nyingi, kilicholegea kinaongeza kidogo, na kikikauka juani kinabadilika tena, kwa hiyo hata usijidanganye kwamba utapunguza kumi kwenye kila namba. Haipimiki.

Pikipiki ya yule muuzaji ina Schrader, valvu kama ya gari. Ile katikati ina kichuma, kichwa cha pampu kikifungwa kinakibonyeza, mlango unakaa wazi, tairi na geji vinakuwa chumba kimoja. Hapo namba ni ya tairi kweli.

Kwa hiyo kabla hujatafuta pampu nyingine badili tyubu. Weka yenye valvu ya pikipiki. Tundu la rimu ya Woods na la Schrader ni saizi moja, milimita 8 na ushee, hutoboi kitu.

#5 Pedeli_za_Dom

Mzee wangu shikamoo. Nimefungua sasa hivi na tochi ya simu, kiraba kipo na kimechanika nusu. Yaani nimegombana na mtu wa watu bure.

Ila tyubu ya inchi 28 yenye valvu ya pikipiki naipata wapi? Hapa mjini maduka mawili wamenijibu za 28 zote ni za kiraba.

#6 Fundi_Mstaafu

Marhaba. Usiwaulize 28, angalia ubavu wa tairi kuna namba nyingine ndogo, kwa hizo nyeusi ni 40-635. 40 ni unene, 635 ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu, zote milimita. Baiskeli za kisasa za 700 ni 622. Tofauti ya 635 na 622 ni milimita 13, raba inavutika, tyubu ya 700 yenye upana wa 35 mpaka 43 inaingia vizuri tu. Omba hiyo yenye valvu nene ya pikipiki. Kariakoo zipo, agiza mtu anayeshuka.

#7 Baskeli_ya_Shamba

Ndugu zangu mie niko Unguja, naongezea hapo. Baskeli za mtumba kutoka Japani, zile za kinamama zina kikapu mbele, nazo karibu zote za kiraba. Huku zimejaa. Watu wananunua pampu nzuri za dukani wakija nyumbani kichwa hakishiki, wanasema pampu mbovu. Valvu ya kiraba ncha yake ni nyembamba, inapokea kichwa cha Presta, ile valvu nyembamba ya baiskeli za resi, yaani upande ule mdogo wa pampu, si ule mkubwa. Na vipo vijiti vya valvu vyengine havina kiraba kabisa, unachomoa cha zamani unatia hicho kwenye tyubu ileile, pampu inakuwa nyepesi mno. Ila geji bado haitokupimia tairi lililolala, maana hicho nacho ni mlango wa kuingia tu.

#8 DoleGumba_Original

Naona mmeamua kunizunguka. Nauliza tena, psi za nini? Tairi likiwa gumu limejaa.

#9 Ticha_wa_Fizikia

Dole gumba, tairi nene la milimani lenye psi 35 na tairi jembamba la resi lenye psi 60 ukiyabinya unaweza usione tofauti, wakati la kwanza limetosha na la pili ukipiga shimo tu linakata tyubu. Unakuta matundu mawili sambamba kama umeumwa na nyoka. Hiyo sio mbigili, ni rimu imeibana tyubu kwa sababu upepo ulikuwa mdogo. Nimeona watu wanalaumu viraka miezi mitatu kumbe upepo.

Mleta mada, ukishabadili tyubu ndo tuongee pampu, na hapa wengi wanapigwa. Kwenye boksi imeandikwa 160 psi wanadhani kubwa ndo bora. Piga hesabu na mimi. Upepo wa psi 100 unasukuma kila sentimita ya mraba kwa uzito wa kilo 7 hivi. Bomba la pampu lenye kipenyo cha milimita 20 lina eneo la sentimita za mraba 3.14, kwa hiyo mkono wako unasukuma kilo 22. Bomba la milimita 30 lina eneo la 7.07, unasukuma kilo 50! Kilo hamsini kwa mikono umechuchumaa pembeni ya lami, jaribu uone. Lakini wewe wa Phoenix unataka psi 40 tu, na kwa psi 40 lile bomba nene linakudai kilo 20, sio mbaya, na kila msukumo linaingiza upepo mara mbili na robo ya lile jembamba. Kwa hiyo tairi nene bomba nene, tairi jembamba bomba jembamba. Ukikosea utajaza mpaka magharibi.

#10 Pedeli_za_Dom

Ticha hapo nimeelewa kuliko darasani. Langu limeandikwa mwisho 50 psi. Pampu yangu bomba nimelipima kwa rula kwa nje naona kama 28.

#11 Ticha_wa_Fizikia

Kwa nje sio kwa ndani lakini inafaa. Iko upande wako.

#12 Msee_wa_Superhighway

Niaje wadau, salamu kutoka Nairobi. Mimi niko na baiskeli ya resi, valvu ni Presta, ile nyembamba iko na kanati kadogo juu lazima ukafungue kwanza. Geji na Presta inasikizana lakini kuna kitu ya kujua, ukichomeka tu itasoma sifuri pia, sukuma mara moja ama mbili ndio mshale unaruka unakaa pale tairi iko. Hakuna kiraba cha kufutua so makosa ni kidogo sana.

Onyo langu ni kwa zile za mpira wa kuskrubu. Ni safi, hazivuji, lakini ukiskrubua kutoka kwa Presta wakati mwingine kijiti cha valvu kinatoka nayo, pssss, kazi yote bure. Imenifanyikia kwa mvua, nusura nilie. Kaza hicho kijiti na playa kidogo kabla hujatoka nyumbani, usitumie nguvu ya kufungua chupa. Zingine ziko na kitufe cha kutoa upepo wa kwa mpira kwanza, chukua hiyo.

Na mpira ni lazima, hiyo sipunguzi. Zile pampu fupi kichwa kimeshikana na bomba moja kwa moja, ukisukuma valvu inatingishika kushoto kulia, baada ya miezi shina la valvu linachanika kwa tyubu na hapo hakuna kiraka kinashika. Mimi natumia Topeak Road Morph G, iko na mpira, kikanyagio cha mguu na geji ndogo kwa mpira. Unaisimamisha kwa lami unasukuma na mwili kama ile kubwa ya nyumbani.

#13 Kijiwe_Namba_9

Mbona wale wa mashindano ya dunia pale Kigali 2025 sikuona mtu amebeba pampu?

#14 Msee_wa_Superhighway

Hao nyuma yao kuna gari ya timu na magurudumu juu ya paa. Wewe nyuma yako kuna lori ya vitunguu.

#15 MamaKijana_Moro

Jamani niongeze na ya chaji maana hakuna aliyeigusa. Mume wangu aliniletea kompresa ndogo ya betri, inaingia kwenye mkoba, uzito karibu nusu kilo. Unaweka namba unayotaka, inajaza, ikifika inazima yenyewe. Kwa baiskeli za watoto ni raha kwa kweli. Kelele zake tu, ukijaza saa kumi na moja alfajiri majirani wanadhani unatwanga. Inapata moto pia, nikijaza matairi manne mfululizo kile kichuma cha mwisho cha mpira hakishikiki.

Nilichotaka kusema ni hiki. Baiskeli ya binti yangu ni ya kiraba, nikiweka 40 inazima mapema tairi likiwa bado jepesi, nikirudia inazima tena sekunde mbili. Nilijua imeharibika. Leo nimesoma kwa Fundi ndo nimejua kumbe inadanganywa na kiraba kama geji ya kaka wa Dodoma. Asante sana baba.

Ubaya wake mwingine, niliiweka kabatini miezi kama mitatu, siku ya safari imekufa chaji. Ya mkono haifi chaji.

#16 Fundi_Mstaafu

Karibu mwanangu. Kwa hiyo ya binti weka namba juu kidogo halafu malizia kwa kubinya, mpaka utakapobadili tyubu. Dole gumba asinione, nimemkubalia kidogo.

#17 DoleGumba_Original

NIMEONA 😂 Screenshot ipo.

#18 Mtaa_wa_Pili

Mimi naenda sheli, wanajaza bure dakika moja. Pampu ya laki ya nini?

#19 Fundi_Mstaafu

Sheli iko poa ila kuwa makini. Kompresa ile imetengenezwa kwa tairi la gari lenye tumbo kubwa. Tyubu ya baiskeli tumbo lake dogo, ukishika kile kichwa sekunde chache umepita namba, nimewashonea watu matairi yaliyofumuka namna hiyo. Gusa achia, gusa achia. Na valvu ya kiraba kichwa cha sheli hakikai.

#20 Kijana_wa_Gesi

Kuna vile vichupa vya gesi vya gramu 16, unafyatua tairi limejaa kabla hujahesabu tano.

#21 Msee_wa_Superhighway

Na ukikosea kukifunga umebaki na chuma baridi mkononi. Ni cha mara moja, hakina geji. Beba kama una haraka lakini na pampu iwe kwa begi.

#22 Pedeli_za_Dom

MREJESHO WAKUU.

Tyubu mbili za 700 valvu nene zimefika juzi na basi. Fundi alikuwa sahihi, zimeingia kwenye rimu ya Phoenix bila kutoboa, mwanzo zinakaa na vijikunjo kidogo nikazipa upepo kiasi kabla ya kuvalisha tairi zikanyooka. Nimesukuma kwa ile ile pampu ya ugomvi. Mshale ukapanda polepole ukakaa 45, sio ule wa kuruka kama panzi. Nikachomoa, nikachomeka tena bila kusukuma, ikasoma 43. INASOMA TAIRI! Nimemwita mke wangu aje aone, ameangalia, amesema sawa, amerudi kwenye tamthilia.

Hiyo 2 iliyopotea naona ndo ule mfyonzo, ule upepo unaotoka pssss wakati wa kuchomoa?

Halafu nikaenda kwa jamaa wa matairi ya magari wenye ile geji ya fimbo, tairi likiwa limelala usiku kucha bila kuguswa. Yangu ikasema 43, ya fimbo 40. Tukapima la mbele, yangu 36, yake 33. Yangu inazidisha tatu. Hapo ndo nauliza, nitupe au?

#23 Ticha_wa_Fizikia

Usitupe! Inazidisha tatu mara zote mbili, hiyo ni geji nzuri tu. Mbaya ni ile inayosema 43 leo na 37 kesho kwenye tairi lilelile. Andika "toa 3" kwa maka peni kwenye bomba uendelee na maisha. Na hata ya fimbo nani kakwambia ndo msahafu, chukua ya tatu ulinganishe.

Kitu kingine, kageji kako mwisho wake ni ngapi? Kama ni 160, hizo namba zako zimebanana kwenye robo ya kwanza ya kioo. Geji nyingi za mshale husoma vizuri katikati kuliko pembeni. Kwa matairi yako geji ya mwisho 60 au 100 ingekupa mistari iliyoachana. Wenye tairi za milimani za psi 25 ndo wanaumia zaidi, kwao tofauti ya 3 inasikika hadi kwenye meno. Za dijitali zinasaidia hapo ila ni kabetri kengine ka kukumbuka.

#24 Fundi_Mstaafu

Kuhusu mfyonzo. Kwenye kiraba na Presta ule mlio wakati unachomoa ni upepo wa mpira wa pampu, tairi halijapoteza kitu, watu wanahangaika bure kuchomoa kwa kasi kama wanakwepa nyoka. Kwenye Schrader kichuma bado kinabonyezwa wakati kichwa kinatoka kwa hiyo tairi linapumua kidogo. Ukichomeka tena nao unaugawia mpira. Jaza mbili zaidi ya unayotaka, imeisha.

#25 Pedeli_za_Dom

Mwisho wa geji ni 120. Poa nimeelewa, maka peni natafuta.

Swali la mwisho la jua. Huku mchana lami inawaka. Nikijaza alfajiri 45 halafu niiache juani nje ya ofisi, haitapasuka? Jamaa zangu wanasema nijaze nusu.

#26 Ticha_wa_Fizikia

Usijaze nusu, utakula ile pancha ya nyoka. Chukua tairi la psi 60 ulilojaza kwenye nyuzi 20, likifika nyuzi 40 linapanda kama psi 5 tu, kwa 45 yako hata 5 hazifiki. Mwisho wako 50. Ikikutisha jaza 42. Tairi linalopasuka juani mara nyingi lilikuwa na kasoro tayari, ubavu umechanika au ukingo haujakaa kwenye rimu vizuri, jua linamalizia tu.

Uzito wako na mzigo ngapi? Nyuma ndo kunabeba zaidi, mbele unaweza kupunguza tano sita mikono ipumzike.

#27 Pedeli_za_Dom

82 bila chakula 😅 keria huwa na dumu la maji la lita tano. Nimeweka nyuma 45 mbele 38, hizo ni za kwenye geji yangu. Barabara ya vumbi baiskeli imekuwa kama nyingine.

#28 Baskeli_ya_Shamba

Ukitunza pampu itunze na ndani yake. Zile za zamani za chuma mle ndani mna ngozi, ikikauka unasukuma upepo unarudi nyuma, unaitia mafuta kidogo usiku asubuhi imefufuka. Hizi mpya zina raba ya duara, mchanga ndio adui yake. Babangu alikuwa akiifunga pampu kwa kitambaa kama mtoto.

#29 Fundi_Mstaafu

Hii ni kweli kabisa. Na raba hizo msizipake grisi ya gari ovyo, nyingine zinavimba. Ya silikoni ndo yake, tone tu.

#30 Kijiwe_Namba_9

Sasa mkuu wa Dom, kama umeamua kununua mpya ya laki, ile ya elfu 45 naichukua kwa 25. Nipo Ihumwa nakufuata.

#31 Pedeli_za_Dom

Siuzi hiyo. Ina maandishi ya maka peni sasa, imepanda thamani.

#32 DoleGumba_Original

Na muuzaji je? Ulimwita mwizi mbele ya wateja.

#33 Pedeli_za_Dom

Nimetoka kwake leo mchana, nimeenda na baiskeli yenyewe nikamwonyesha kiraba cha zamani na tyubu mpya. Kacheka mpaka kakaa. Kumbe kuna wengine wanne wamemrudishia pampu hizohizo mwaka huu, zote alizitupa stoo akijua mzigo mbovu. Kaniuliza hizo tyubu za valvu nene nimezitoa wapi, anataka kuagiza boksi.

#34 Kijiwe_Namba_9

Hizo nne za stoo anauza bei gani?